Ramani Iliyolowa Mafuta ya Mandazi

Kwa miaka ishirini na miwili Teopista alipiga chapa na kujalidi tasnifu za wasomi katika kibanda chake cha steshonari mjini Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka geti la mpakani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye naye ni msomi. Mwenyewe hakudhani hivyo. Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, akajifunza mashine ya chapa kwa masista, na tangu hapo akala jasho la vidole. Lakini vidole vyake vilikuwa na tabia moja mbaya, au nzuri, inategemea unamuuliza nani: vilikataa kupiga neno ambalo kichwa hakijalielewa. Msomi akileta mswada wenye neno gumu, Teopista alimkalisha kwenye benchi akamhoji mpaka jasho limtoke. Wengine waliapa hawatakanyaga tena pale. Walirudi wote, maana kazi ya Teopista haikuwa na kosa.

Basi kichwani mwake mlijaa mambo yasiyojuana hata kwa salamu. Alijua chawa wa kuku wa kienyeji wako wa namna ngapi na kila namna hupenda kukaa wapi. Alijua kwa nini makatekista wa zamani waligombana na wapiga ngoma. Alijua jinsi zebaki inavyomwingia mchimba dhahabu wa Tiira kwa njia ya pumzi, vitenzi vya Kiteso vinavyogeuka, hesabu ya foleni za malori pale Malaba, na sababu zinazowachelewesha akina mama wa Masafu kwenda kliniki. Bwana wa chawa hakumjua bwana wa makatekista, na wote wawili hawakuwa na habari na bibi wa malori. Kila msomi alichimba shimo lake, akaingia humo, akafurahi. Teopista ndiye pekee aliyepita juu akichungulia mashimo yote.

Kilichomuuma ni kimoja tu, nacho ni ukurasa wa shukrani. Alikuwa amepiga kurasa kama hizo mamia. Wasomi walimshukuru Mungu, wakawashukuru wasimamizi, wazazi, wake na waume zao, na mmoja alimshukuru mbwa wake kwa kumlinda alipokuwa akisoma. Mpiga chapa hakutajwa hata siku moja.

"Vidole havishukuriwi," alizoea kumwambia Quinter, nao wakacheka, ingawa cheko la Teopista lilikuwa na uchungu ndani yake.

Huyo Quinter alikuwa jirani yake wa kazi, Mkenya aliyevuka mpaka kila alfajiri na beseni la mandazi, akaketi mlangoni pa Teopista mpaka yaishe. Baina yao palikuwa na desturi ya miaka. Karatasi zilizoharibika Teopista alizitupa katika boksi chini ya meza, na asubuhi Quinter alizitoa akafungia mandazi. Ndiyo maana watu wengi wa Busia, wapende wasipende, wamesoma mstari mmoja au miwili ya elimu ya juu wakinywa chai.

Sasa sikia kisa chenyewe. Jumatano moja jioni alikuja John Paul Okochi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Petta, macho mekundu kwa kukesha. Alikuwa amesoma shahada ya uzamili miaka sita kwa kujibana, katika chuo kimoja kidogo mjini Tororo, na kesho yake saa nne asubuhi alitakiwa kuitetea tasnifu yake mbele ya watahini. Aliandika habari za visima vya pampu. Petta ilikuwa imechimbiwa visima kumi na kimoja. Vinane vilikauka, vitatu vikaendelea kutoa maji hata jua likiwaka miezi mitano. John Paul alivipima vyote, akavitia kwenye ramani, lakini kwa nini vile vitatu viko hai, hakuweza kusema kwa uhakika. Nayo serikali ya tarafa ilikuwa imebakiza kisima kimoja cha kuchimba, cha kumi na mbili na cha mwisho, ikingoja kusikia msomi wao anasemaje.

"Anti Teo, hii ni mara ya mwisho," alisema. "Mara ya kwanza walinirudisha. Kesho nikianguka, chuo nasema basi, mlango imefungwa. Na kisima watachimba tu pale kansala wa tarafa nataka, karibu na boma yake. Mama yangu atatembea maili tatu mpaka afe."

"Nenda lala," Teopista akamwambia. "Asubuhi saa kumi na mbili unakuta kitabu nne zimefungwa. Mkono yangu haijawahi kukosa."

Ningekuwa karibu ningemziba mdomo. Mtu hajisifu hivyo mbele ya kazi ambayo hajaimaliza.

Mezani palikuwa na kazi ya pili, ya Abbo, binti wa Kijapadhola aliyesoma chuo hichohicho, yeye akiandika habari za nyimbo. Kuna ukoo mmoja huko Petta ambao wanawake wake, wakimlilia mama mzee, hutaja kila kisima alichoteka tangu siku ya kuolewa mpaka siku ya kufumba macho, vingi vyake leo vimefukiwa. Hutaja pia ni kipi kilimnyima maji, na mwaka gani wa njaa. Abbo alizikusanya nyimbo hizo kwa bibi arobaini. Aliweka pia ramani, na hapa tega sikio: si Abbo wala John Paul aliyejua kuchora. Ramani ya Petta aliichora Teopista mwenyewe miaka mingi nyuma, kwa ajili ya mtu wa malaria, akaihifadhi katika kompyuta. Tangu siku hiyo kila aliyeandika kuhusu Petta alipewa ileile, akatia vitone vyake.

Alichapisha kazi zote mbili jioni ile, nakala nne nne. Alipofika ukurasa wa sitini na sita umeme ukakatika. Akawasha taa ya simu, akapanga kurasa mezani kwa mkono, huku mafungu ya kurasa za sitini na moja mpaka sitini na sita za kazi hizi mbili yakilala kichwa kwa kichwa, herufi zilezile, ukubwa uleule. Umeme uliporudi akamalizia, akaipiga gundi kazi ya John Paul kwanza, akabana majalada yake. Kurasa chache zilizobaki juu ya meza alidhani ni za makosa. Akazisukuma katika boksi la Quinter.

Alfajiri John Paul akachukua vitabu vyake vinne, akambusu Anti Teo mkono, akapanda gari la Tororo.

Saa tatu kasoro Quinter akapaza sauti kutoka mlangoni. "We Teo! Siku hizi umekuwa tajiri? Hizi karatasi ni safi kabisa na unazitupa. Tena ramani moja mara nne!"

"Ramani gani?"

"Hii ya visima. Moja nishafungia mandazi za mtu wa forodha, bado hajakuja kuzichukua."

Teopista alitoka akaitazama. Ilikuwa ramani ya John Paul, ukurasa wa sitini na moja. Akakimbilia kazi ya Abbo iliyokuwa bado inangoja kujalidiwa, akahesabu: hamsini na tisa, sitini, sitini na saba. Nyimbo za kilio hazimo. Basi zilikuwa zimekwenda Tororo, ndani ya tasnifu ya visima, na watahini walikuwa wanakaribia kuzifungua. Akakaa chini palepale kwenye saruji. Akapiga simu ya John Paul mara saba. Ilikuwa imezimwa, kama inavyotakiwa mtu anapoingia mtihani.

"Amka!" Quinter akamvuta mkono. "Ukilia hapa itamsaidia nani? Chukua karatasi zako, panda boda. Duka nitakuangalizia."

"Nitawaambia nini, Quinter? Miaka ishirini na mbili..."

"Waambie ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Teopista akazoa kurasa alizoziona, pamoja na ile iliyofunga mandazi, mandazi yenyewe yakiachwa kwenye beseni bila heshima. Alipanda boda na aproni yake ya kazi yenye madoa ya wino. Boda ikashika barabara ya Tiira, vumbi jekundu likimwingia mdomoni, wachimba dhahabu wakimpungia kwa kuwa waliwahi kumwona akija kusahihisha majina yao katika kazi ya zebaki. Hakuwapungia. Alikuwa amezikumbatia karatasi kifuani, na kichwani zile kazi mbili zilianza kugombana. Visima vitatu vilivyo hai. Wimbo wa bibi wa kumi na tisa, ule wa kisima cha Jiwe Jeupe, "kilichotunyonyesha mwaka ng'ombe walipokufa." Alikuwa amezipiga zote mbili kwa vidole vyake mwenyewe, neno kwa neno. Walipoanza kuuona Mwamba wa Tororo alikuwa ameacha kulia, na alikuwa anamwambia mwendesha boda aongeze mwendo.

Ukumbini mambo yalikuwa yameharibika tayari. Watahini walikuwa watatu, mkuu wao Daktari Apolot, mtaalamu wa miamba na maji, mwanamke mrefu asiyejua mzaha. Alikuwa amesimama na kitabu mkononi, anasoma kwa sauti ya ubaridi: "'Mama umekwenda, Nyapendi kilikunyima, Mkuyu kikakupa.' Bwana Okochi, hii ni jiolojia ya wapi?" Watu waliokuja kusikiliza wakaangua kicheko. John Paul alisimama mbele yao mikono inaning'inia. Kwenye kiti cha nyuma Abbo, ambaye zamu yake ilikuwa kesho yake, aliziba uso kwa viganja, maana aliyatambua maneno ya bibi zake yakichekwa.

Teopista aliona aibu ya kijana yule ikamuuma kuliko yake. Akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Kosa ni yangu," alisema. "Mimi ndiye nafunga kitabu. Huyu mwalimu hana kosa."

Mpaka hapo mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Lakini Apolot ni Mteso na Teopista ni Msamia, na ugomvi wa watu wa mpakani, hata wenye shahada, hutua kwenye Kiswahili.

"Mama, wewe ni nani?"

"Mpiga chapa."

"Basi mpiga chapa, toa kurasa za nyimbo, weka zake, tuendelee. Na tutaandika kwamba mwanafunzi aliwasilisha kazi bila kuikagua. Hilo peke yake linatosha kumwangusha."

Mtu mwingine angeshukuru hapo, akachomoa kurasa, akaondoka na roho yake. Teopista naye alinyoosha mkono kukichukua kitabu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mwanamke huyu alikuwa ameshavua kila kitu mbele ya kadamnasi. Akakifungua ukurasa wa sitini na tatu, palipokuwa na ramani ya Abbo. Juu yake akalaza ile ramani ya John Paul iliyofunga mandazi.

Mafuta yalikuwa yameilowesha karatasi yote. Ile karatasi ilikuwa inapitisha mwanga, unaona ya chini yake bila taabu. Na kwa kuwa ramani zote mbili zilitoka kwenye mkono mmoja, mipaka ililaliana, barabara juu ya barabara, mto juu ya mto.

"Daktari, kabla sijatoa, angalia," alisema. "Hivi vitone vya huku chini ni visima vya wimbo. Vyeusi ni vile mabibi wanasema vilikauka. Vyeupe havijawahi kukauka, hata mwaka wa njaa kubwa. Iko saba. Sasa hivi vya huku juu ni vya mwalimu. Vitatu vyenye maji vimekaa wapi?"

Apolot aliinama. Akavaa miwani, akainama tena.

Vitatu vyote vilikaa juu ya vitone vyeupe. Vile vinane vilivyokauka, hakuna hata kimoja kilichokaribia cheupe, na vitano kati yake vilichimbwa palepale ambapo mabibi walikuwa wameshalia kwamba maji yamekwisha, miaka mingi kabla mashine haijafika Petta.

"Vitatu vinaweza kuwa bahati," Apolot alisema, lakini alisema polepole.

"Ndiyo, vitatu ni bahati," Teopista akajibu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimepiga chapa ya chawa, najua. Lakini huyu binti iko na saba."

Hapo John Paul, aliyekuwa kama gogo, akasogea. Akatazama vile vitone saba. Akachukua rula mezani bila kuomba ruhusa, akailaza, na vitone vyote saba vikakaa kwenye ukingo wa rula.

"Ufa!" akapiga kelele. "Ni ufa wa mwamba! Miaka sita nasema kuna ufa chini ya Petta, lakini kwa vitatu mstari haikutoka, vilikuwa karibu karibu sana! Daktari, maji inapita kwenye ufa!" Akageukia wasikilizaji, na kwa dakika ishirini akaeleza miamba ya Petta kwa ufasaha ambao hajawahi kuwa nao hata darasani kwake. Hakuna aliyecheka tena.

Apolot akamwita Abbo mbele. "Imba wa kisima kimoja cheupe kati ya vile vinne visivyo na pampu," alimwambia. Abbo akaimba wimbo wa Jiwe Jeupe, kwanza kwa woga, kisha kwa koo lote. Wanawake wawili wa jikoni ya chuo walikuja mlangoni na mwiko mkononi wakaitikia, kwa kuwa ni wa ukoo ule. Teopista alilia waziwazi na hakujifuta.

"Mimi ni mtu wa vipimo," Apolot alisema palipotulia. "Mtihani huu hausemi umefaulu wala umeanguka. Unaahirishwa. Kisima cha kumi na mbili kichimbwe Jiwe Jeupe. Maji yakitoka, bwana Okochi, umeshinda. Yasipotoka, usirudi hapa."

Mashine ya kuchimba ilifika Petta wiki sita baadaye. Kijiji kizima kilikuja, na kansala naye alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki mikono kifuani, akingoja kucheka. Mita kumi, vumbi. Mita ishirini, vumbi. Mita arobaini, vumbi jeupe kama unga wa muhogo likawafunika wote, na kansala akaanza kutabasamu. John Paul alikuwa amechuchumaa hawezi kutazama. Mama yake mzee alisimama nyuma yake na mtungi mtupu, kwa kuwa alisema hatarudi nyumbani nao hivyo. Teopista alimshika Abbo mkono kwa nguvu mpaka binti wa watu akaguna.

Mita hamsini na mbili mashine ilibadilisha mlio. Kwanza yalitoka matope. Halafu maji yakaruka juu kuliko mlingoti wa mashine, yakawanyeshea mafundi, watoto, na kansala pamoja na kiti chake. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka barabara kuu. John Paul alibebwa juujuu, Daktari Apolot alicheza na viatu vyake vya ngozi ndani ya tope, na bibi mmoja akaanza kuimba visima vyote vya Petta kimoja kimoja, na alipofika mwisho akaongeza kimoja kipya. Mama yake John Paul alijaza mtungi wake wa kwanza, akaupitisha mbele ya wakubwa wote, akaja kuutua miguuni pa Teopista.

"Kunywa wewe kwanza," alimwambia.

Mwaka huo John Paul alihitimu, na Abbo akahitimu. Halafu siku moja wakaja wote wawili Busia na mswada mpya, kitabu kimoja cha visima na nyimbo, Apolot akiwa ameandika dibaji. Teopista aliufungua ukurasa wa shukrani haraka, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Alisoma mpaka chini. Halikuwemo. Akaufunga taratibu, akasema ni kazi nzuri, itakuwa tayari Ijumaa.

"Anti," John Paul alisema, "umeanza nyuma. Angalia mbele kabisa."

Kwenye jalada, chini ya kichwa cha kitabu, yaliandikwa majina ya waandishi. Yalikuwa matatu, na la tatu lilikuwa lake.

Usiku wa Alhamisi hakulala, wala hakutaka. Ijumaa asubuhi alipasha moto mashine ya kupigia herufi za dhahabu, akapanga herufi za risasi moja moja kama alivyokwisha kuwapangia watu mamia, akayabana majalada, akayaachia. Dhahabu ikashika. Alikuwa bado anapitisha kidole juu ya jina lake Quinter alipotua beseni mlangoni, akaingiza mkono chini ya meza kama kawaida yake, akalikuta boksi tupu.

"Teo, karatasi ziko wapi? Nifungie mandazi na nini?"

"Leo hakuna iliyoharibika," Teopista alisema. "Katafute gazeti."